Aliyeua ni Jiko, Si Bibi Kizee



Mvua zinapoanza kunyesha Rwamgasa, jiko la mkaa huingia ndani. Wakati wa kiangazi mwenye chumba hupikia barazani. Mvua ikija, au baridi ya alfajiri, au hofu ya mwizi (maana hata jiko huibwa siku hizi), hulibeba likiwa bado jekundu na kulitua kati ya kitanda na mlango. Makaa yamekwisha kutoa moshi. Chumba kinapata joto, nguo zilizolowa duarani zinakauka, mbu wanapungua. Komeo linafungwa. Mwanya ulio chini ya bati huzibwa kwa matambara ili upepo usipenye. Asubuhi mlango huo haufunguliwi.

Habari ya namna hiyo hakuna asiyeijua, na tunajua pia inayofuata. Mlango unavunjwa. Waliolala ndani hawana jeraha, hawakuugua, na jana jioni walionekana wakicheka kwenye kibanda cha chai. Viganja vyao na midomo yao pengine vina wekundu kama wa mtu aliye hai. Basi kabla udongo wa kaburi haujakauka swali linaulizwa, nalo haliulizwi, “Ni kitu gani kimewaua?” Huulizwa, “Ni nani?” Na katika nchi yetu ya Usukumani swali la “nani” lina jibu lililokwisha kuandaliwa kabla ya msiba wenyewe kutokea. Jibu hilo ni mwanamke mzee, aghalabu mjane, anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu.

Tunaandika waraka huu kulipinga swali hilo na jibu lake. Tunasema wazi kwamba aliyewaua wale waliolala ni jiko, na kwamba wapo watu, hai na wenye akili timamu, ambao wanafaidika jiko lisipotajwa.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana hasira bila maarifa haimwokoi mtu. Mkaa unapoungua mahali penye hewa tele, hutoa hewa ya ukaa, ile ile tunayoitoa sisi tunapopumua. Unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa nyingine, inayoitwa kaboni monoksidi. Majina yanakaribiana lakini mambo yao ni mbali kabisa. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, huingia mapafuni na kushika ile sehemu ya damu ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda moyoni na kwenye ubongo. Huishika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka kama kawaida, lakini haina ilichobeba, kama punda anayerudi kutoka kisimani na madumu matupu. Mwanasayansi wa Kifaransa Claude Bernard alikwisha kulieleza jambo hili katika miaka ya 1850, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Ile rangi nyekundu ya viganja, ambayo baadhi yetu wameiita alama ya jini, ni rangi ya damu iliyoshikwa na sumu hiyo.

Na hapa ndipo ulipo udanganyifu mkubwa wa mkaa. Kuni hukufukuza. Moshi wake unakuwasha, unakohoa, unatoka nje hata kama hutaki. Mkaa uliokolea haukufukuzi. Mama zetu wametufundisha kusubiri mpaka moshi uishe ndipo jiko liingizwe ndani, nao walifundisha kwa nia njema. Lakini makaa mekundu, yaliyotulia, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo yanayotoa kwa wingi hewa tunayoisema. Kinachoonekana kuwa dalili ya usalama si dalili ya usalama. Tena hewa hiyo ina uzito unaokaribiana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo husambaa chumba kizima. Anayelala chini mkekani hapati nafuu kuliko anayelala kitandani.

Huanza kwa kichwa kuuma. Kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na akili kuchanganyikiwa hata mtu akauona mlango asijue namna ya kuufungua. Aliyekwisha kulala hapiti hatua hizo akiwa na fahamu. Hutoka katika usingizi wake kwenda katika kifo bila kugeuka kitandani. Watoto hupatwa mapema zaidi kwa sababu wanapumua haraka. Mama mjamzito anaweza kupona na mimba isipone.

Turudi sasa kwa bibi kizee. Tangu miaka ya 1970 maelfu ya watu wameuawa katika nchi yetu kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa yao ni wanawake wazee wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Geita yetu ilikuwa wilaya ya Mwanza hadi ilipofanywa makao ya mkoa mpya mwaka 2012, kwa hiyo tusijifanye kwamba habari hizo ni za jirani. Waliuawa kwa panga, usiku, milangoni mwao. Wengi walisemwa kwanza kwa macho yao. Macho mekundu, waliambiwa, ni macho ya mchawi.

Macho hayo yalipata wapi wekundu? Tunaomba kila mmoja wetu aingie jikoni kwa mama yake na akae humo kwa muda wa kusonga ugali mmoja tu. Miti ya Usukumani ilikatwa kwa miaka mingi, mingine ili kuwaondoa mbung’o, mingine ili kupisha pamba, mingine kwa kuni na mkaa, hata Serikali ikalazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, mwaka 1986, ili ngitili zirudishwe. Kuni zilipokosekana, mwanamke alipikia mabua ya pamba na mahindi na kinyesi cha ng’ombe, vitu vyenye moshi mzito, katika kijumba kisicho na dirisha. Miaka 40, miaka 50, asubuhi na jioni, akiwalisha hao hao ambao baadaye walimnyoshea kidole. Macho yake ni hati ya utumishi wake. Tumeisoma hati hiyo kama hukumu ya kifo.

Ona basi jinsi ubaya unavyofunga mduara. Mkaa katika chumba kilichofungwa unaua kijana. Kifo hicho kinamtafuta mwenye kosa. Anapatikana mwanamke ambaye kosa lake ni macho yaliyoharibiwa na moshi wa chumba kingine kilichofungwa. Ukosefu wa dirisha umeua mara mbili, na mara zote mbili dirisha halikutajwa mahakamani, wala kwenye baraza la kijiji, wala msibani.

Nani analeta jina la bibi huyo? Anayelileta ni mpiga ramli. Familia iliyofiwa inakwenda kwake ikiwa na uchungu na fedha, naye anauondoa uchungu kwa kuupa jina la mtu. Hatuzungumzii hapa waganga wa mitishamba, ambao wengi wao ni watu wa heshima na wametibu wengi wetu. Tunazungumzia mtu anayeuza majina ya jirani zake. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, wakati nchi ilipokuwa ikilia kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sheria ya Uchawi nayo ipo tangu mwaka 1928. Marufuku ipo, sheria ipo, na bado njia iendayo kwa mpiga ramli inajulikana na watoto wa shule. Tunauliza, na tutaendelea kuuliza: mjumbe wa kitongoji hajui njia hiyo? Polisi hawaijui? Na sisi viongozi wa walei, ambao baadhi yetu tumeonekana tukiipita jioni tukiwa tumeinamisha kofia, hatuijui?

Ndiyo, sisi pia tumo. Tusimseme mpiga ramli peke yake. Mpiga ramli anasema “nani” kwa sababu sisi tunaosimama makaburini tumenyamaza juu ya “nini”. Mara ngapi tumesimama mbele ya majeneza mawili yaliyotoka katika chumba kimoja tukasema kwamba ni mapenzi ya Mungu? Neno hilo linafariji, nasi hatuliondoi vinywani mwa wafiwa. Lakini likisemwa na kiongozi ambaye ameliona jiko lile limekaa pale kati ya kitanda na mlango, linakuwa neno la uvivu. Mungu hakuziba mwanya ule kwa matambara. Msiba ndio mkutano pekee ambao kijiji kizima huhudhuria bila kuitwa na bila posho. Kama hatutamki neno “mkaa” siku hiyo, tutalitamka lini?

Nasi tukiri letu. Katika semina moja ya viongozi, msimu wa mvua, tulilala watu watano katika chumba kimoja cha kigango, na mmoja wetu akaleta jiko ili tuote. Tulikuwa tumetoka kuzungumza juu ya utu wa binadamu hadi saa nne za usiku. Alfajiri tuliamka, wale tulioamka kwa urahisi, vichwa vikigonga kama vinu, na mwenzetu mmoja alitapika mlangoni. Tulisema ni malaria. Tulikunywa dawa ya malaria, watu watano kwa pamoja, bila hata mmoja kujiuliza mbu yupi huyo anayeuma watu watano usiku mmoja wakaugua asubuhi ile ile. Saa sita mchana sote tulikuwa wazima. Tukaisifu dawa. Kilichotuponya kilikuwa hewa ya nje, na kilichotuokoa usiku ule ni ubao uliokosekana juu ya mlango, ambao kamati ya ujenzi ilikuwa imelalamikiwa kwa kutoutengeneza.

Kosa hilo la malaria linastahili kuangaliwa, kwa kuwa huenda limefukia watu wengi kuliko uchawi. Kichwa, kizunguzungu, kutapika, kulegea: hizo ni dalili ambazo kila mtu wa Kanda ya Ziwa amekwisha kuzipa jina kabla ya kufika zahanati. Mgonjwa anapewa vidonge, anaambiwa akapumzike. Akapumzike wapi? Katika chumba kile kile. Wauguzi wanaosoma waraka huu tunawaomba jambo moja: waulizeni wagonjwa kama na wengine waliolala nao wameamka hivyo, na kama nafuu huja wakitoka nje. Tena msikitegemee kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Kwa sumu hii kinadanganyika. Huihesabu damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi kana kwamba imebeba oksijeni, na kuandika namba nzuri juu ya mtu anayekufa.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya vibanda vya wachimbaji, ya watu wasiosoma. Si kweli. Septemba 1902, mjini Paris, mwandishi mashuhuri Émile Zola alikufa chumbani mwake usiku kwa hewa hii hii, moto ukiwa umewashwa kwenye meko na bomba la moshi likiwa na kasoro. Mkewe aliponea chupuchupu. Huyu ndiye Zola aliyekuwa ameitetea hadharani haki ya Kapteni Dreyfus, ofisa aliyefungwa kwa kosa asilotenda, naye alikuwa na maadui wengi. Hata Paris watu waliuliza “nani”, na wapo wanaouliza hadi leo. Lakini kule angalau uchunguzi ulifanywa, na bomba la moshi likakaguliwa. Februari 2021, katika jimbo la Texas nchini Marekani, baridi kali ilipokata umeme, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani, wakawasha jenereta na magari ndani ya vibanda vya kuegeshea. Zaidi ya watu 10 walikufa na zaidi ya 1,000 walitibiwa. Hao walikuwa na shule, na magari, na simu. Walichokosa usiku ule ni neno moja la tahadhari lililowafikia kwa wakati.

Katika nchi za baridi watu hupasha nyumba joto kwa hita za gesi, na huko wamejifunza kwa vifo vyao wenyewe. Hita hizo huwa na bomba la kutolea hewa nje, hukaguliwa na fundi kila mwaka, na ukutani huwekwa kidude kinacholia kengele hewa hii inapozidi. Tunalitaja hili kwa sababu mtungi wa gesi umeanza kuingia hata katika nyumba zetu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema, na macho ya mabinti zetu yatanusurika. Lakini gesi nayo ina hewa hii inapoungua vibaya. Mwali wa buluu ni mwali mwema. Mwali wa njano unaotia masizi kwenye sufuria unasema kwamba jiko ni chafu au hewa haitoshi. Wala jiko la gesi lisiachwe likiwaka usiku kucha eti kwa ajili ya joto. Hilo ni kuhamisha msiba kutoka kwenye mkaa kwenda kwenye mtungi.

Tuwageukie sasa wenye nyumba. Rashi ya dhahabu inapotokea, vyumba huota Rwamgasa kama uyoga, na kila chumba hukodishwa kabla tope la ukuta halijakauka. Vyumba hivyo havina madirisha. Tumewauliza baadhi ya wenye nyumba, wengine wakiwa waamini wenzetu wanaotoa zaka bila kukosa, kwa nini hawaweki madirisha. Jibu ni kwamba dirisha humkaribisha mwizi na fremu ina gharama. Tunajibu hivi: anayelala ndani ni mlipa kodi wako, fedha yake ya mwezi umeipokea mapema, na unajua kwamba hana jiko la nje wala paa la kupikia mvua inaponyesha. Umemkodishia chumba na hukumkodishia hewa. Hatusemi mweke vioo na nondo. Acheni matofali mawili yakosekane chini ya bati upande huu, na mawili karibu na sakafu upande wa pili, mkazibe kwa wavu wa chuma ili panya na mkono wa mwizi visipite. Hiyo haimpi ruhusa mpangaji ya kulala na jiko, maana matofali manne hayatoshi kuishinda sumu ya makaa yanayowaka usiku kucha. Lakini yanaweza kumwachia uhai yule aliyesahau au aliyesinzia. Na jengeni banda la kupikia nje, la bati tatu tu, wapangaji wote walitumie. Mwenye nyumba anayeshindwa kununua bati tatu kwa kodi ya vyumba kumi asituambie habari ya gharama.

Wenye maduara tutawaambia zaidi, kwa kuwa wanajua zaidi. Mashine ya petroli ya kuvuta maji haiwezi kuyavuta kutoka kina kinachozidi mita 7 au 8 hivi. Ndivyo zilivyo mashine zote za namna hiyo. Kwa hiyo duara likiwa refu na maji yakijaa, mwenye duara huamuru mashine ishushwe chini kwa kamba, iwashwe humo humo shimoni, na mtu ashuke kuiangalia. Mashine ya petroli hutoa kaboni monoksidi kwa wingi unaoyapita majiko mengi ya mkaa, na shimo ni chumba kisicho na mlango. Anayeiangalia analegea. Wa pili anashuka kumwokoa, naye analegea. Wa tatu ni ndugu yake wa pili, hazuiliki. Na juu, kando ya winchi, itasikika ikisemwa kwamba dhahabu imedai kafara.

Dhahabu haidai kitu. Ni mawe. Anayedai ni mwenye kuikwepa gharama ya pampu ya umeme inayozamishwa majini, ambayo jenereta lake hubaki juu, mbali na mdomo wa shimo na upande ambao upepo hauurudishi moshi. Vivyo hivyo moshi wa baruti: nao una hewa hii, na kumshusha mtu mara tu baada ya mlipuko kwa sababu zamu inachelewa ni kumtuma kwenye sumu. Kuteremsha mshumaa au kibatari si kipimo. Mwali huzimika pasipo na oksijeni, lakini huendelea kuwaka vizuri kabisa mahali penye kaboni monoksidi ya kutosha kuua. Huko Uingereza, mtaalamu John Scott Haldane aliwachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe waliokufa katika milipuko ya miaka ya 1890, akaonyesha kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko bali na hewa hii iliyofuata. Alishauri washushe ndege wadogo, ambao huzimia kabla ya binadamu. Wachimbaji wa huko waliwatumia ndege hao hadi mwaka 1986, walipopewa vifaa vya kupimia. Katika maduara yetu hakuna kifaa, na hakuna ndege. Anayeshushwa kwanza ni kijana aliyefika juzi kutoka kijijini, ambaye jina lake halijaandikwa hata kwenye daftari.

Rwamgasa si ngeni kwa sumu ya hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa walikuja hapa, wakapima damu, mikojo na nywele za wachimbaji na wachomaji wa dhahabu, na miongoni mwa wachomaji wakakuta watu ambao zebaki ilikwisha kuwaathiri. Hatukumbuki kumsikia mtu akisema kwamba zebaki ni uchawi. Pengine ni kwa sababu inaonekana, inang’aa kiganjani, ina bei. Kaboni monoksidi haina bei wala muuzaji, na kwa hiyo inapewa sura ya bibi kizee.

Ukikuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango na kila tundu, litoe jiko, mtoe mtu nje kwenye hewa safi. Usimpe maziwa. Tunajua kila mtu atakimbilia maziwa; maziwa huenda tumboni, na sumu hii iko katika damu, tena aliyezimia hupaliwa nayo. Kama hapumui na kuna anayejua kumpulizia pumzi, ampulizie. Mpelekeni kwenye kituo chenye oksijeni hata kama ameanza kusema, kwa kuwa akipumua hewa ya kawaida huchukua kama saa 4 au 5 nusu tu ya sumu hiyo kutoka, na akipewa oksijeni safi kama saa moja au moja na nusu. Ukikuta mtu amelegea duarani, usishuke. Tunajua neno hili ni gumu, na kwamba aliye chini ni mdogo wako. Mashine izimwe kama yaweza kuzimwa kutoka juu, hewa ipulizwe chini, kamba itumike ikiwa bado anaweza kuishika, lakini usishuke.

Tunaziomba Jumuiya zote za kigango zifanye mambo mawili kabla ya mvua za vuli. La kwanza, kila Jumuiya ihesabu vyumba vya kupanga vilivyo katika eneo lake visivyo na tundu la hewa, na iandike jina la mwenye chumba, hata akiwa mwenyekiti wa Jumuiya yenyewe. Orodha hiyo italetwa kwenye Tume, nasi tutakwenda nayo kwa wenye nyumba mmoja mmoja, kisha kwa mtendaji wa kata. La pili, kila Jumuiya iwatambue wanawake wazee wanaoishi peke yao, na ipange watu wawili wa kuwatembelea kila wiki. Na siku yoyote kifo cha ghafla kinapotokea karibu nao, watu hao wawili wakalale nyumbani kwa bibi usiku huo huo, taa ikiwaka, mlango wa mbele ukiwa na watu wanaojulikana majina. Wasisubiri matanga yaishe.